Mwaka Bi Zaituni Alipotaja Bei

Tarehe 6 Juni. Asubuhi kulikuwa na baridi, na upepo wa kutoka nchi kavu, ule unaolikunja ziwa kama shuka lililolaliwa. Wingu hakuna. Masika imekwisha kweli sasa. Siku nyingine ningeandika kwamba ni siku nzuri ya kuanika, nikafunga daftari, nikachukua fagio langu kwenda jiweni. Lakini jana mjukuu wangu alirudi kutoka stendi ya Buzuruga akasema amesikia kwa watu kwamba Mzee Nassoro amefariki na maziko ni leo. Nilitafuta neno la kusema kama binadamu anavyopaswa kusema, na lililotoka ni hili: "Na samaki wake sijampelekea." Mjukuu aliniangalia kama mtu anayeona akili ya bibi yake inaanza kuhama. Basi ninaandika haya ili ajue nilikuwa na maana gani. Sina hakika nitaweza. Nilisoma mpaka darasa la nne, na jambo lenyewe linahusu sheria ya Waingereza, ambayo watu huisomea miaka. Nitaandika niliyoyaona na kuyasikia, na pale nisipokuwa na hakika nitasema. Habari za kwetu Magu sitazigusa, hazina kazi hapa. Mwaka ni ule wa uhuru, na mimi Kabula nilikuwa msichana wa miaka kama kumi na tisa.

Nilikuwa naishi Mabatini kwa Bi Zaituni, na tulikuwa tunafanya kazi pamoja ya kuanika samaki. Yeye alikuwa na jina na wateja, mimi nilikuwa na miguu na mgongo, na mapato tuligawana kwa namna ambayo hakuna kati yetu aliyeilalamikia. Nyumba yake ilikuwa na vyumba vitatu na bati lililoungwaungwa. Mvua ikinyesha hamsikilizani, mnabaki kuoneshana kwa mikono. Chumba cha mbele kilikuwa cha mkeka na mazungumzo, cha kati chake, cha nyuma changu pamoja na magunia. Kila kitu kilinuka samaki, hata chumvi, hata mto wa kulalia. Asubuhi tulikunywa uji wa mtama na kipande cha muhogo. Mchana tulikula hukohuko ziwani chochote kilichopatikana. Jioni Bi Zaituni alisonga ugali mwenyewe, maana aliamini wangu una madonge. Alikuwa sahihi. Alikuwa mwanamke mnene, mfupi, Mwislamu wa mjini ambaye bibi zake walitoka sehemu tatu tofauti, na alikuwa na desturi ya kuongea na samaki. Nilimsikia siku moja akimwambia furu, samaki mdogo kama kidole, "Wewe hukunenepa kwa sababu una wivu."

Kazi yetu yote ilikaa juu ya jiwe moja. Mwanza mawe hayatafutwi, yapo, lakini jiwe la kuanikia ni jambo jingine. Lazima liwe bapa, liwe na mteremko kidogo ili maji ya samaki yachuruzike, lipate jua tangu asubuhi, na liwe karibu na mahali mitumbwi inaposhusha. Jiwe letu lilikuwa na hayo yote. Lilikuwa nyuma ya bohari ya ngozi ya Mzee Hemedi, ndani ya kiwanja chake, ukubwa wake kama ua wa nyumba. Wenzetu wengi walianika kwenye mchanga, na furu wa mchanga anajulikana, ukimtafuna meno yanalia. Wa kwetu walikuwa safi. Wachuuzi wa Magu walikuwa wakimega mmoja, wanatafuna, wanasikiliza mdomoni, halafu wanasema, "Huyu wa jiwe." Bila jiwe lile Bi Zaituni angekuwa mwanika samaki kama wengine mia, na kwa umri wake asingeweza kuwakimbiza kunguru kwenye mchanga ulio wazi kwa watu wote.

Sasa jinsi tulivyolipata. Masika ya mwaka uliotangulia, mama yake Mzee Hemedi alilala kitandani asiinuke tena. Mzee Hemedi alikuja Mabatini jioni moja, akasimama mlangoni na kofia mkononi, nami nilikuwa jikoni nikipeta mchele. Alisema, "Bi Zaituni, mama amelala na wanawake wa kwangu hawamwezi. Nisaidie." Bi Zaituni alifunga kanga akaenda. Hayo ndiyo yote yaliyosemwa, na nataka mjukuu ayashike vizuri, kwa sababu baadaye yalikuwa na uzito kuliko jiwe lenyewe. Alimuuguza bibi yule mpaka mwisho. Alimgeuza, akamwosha, akamlisha uji kwa kijiko, akamvumilia akiitwa majina ya watu waliokufa zamani. Kazi ya samaki niliibeba mimi. Hitima ya arobaini ilipokwisha, watu wakiwa bado wananawa mikono, Mzee Hemedi alisema mbele yao wote kwamba alichofanyiwa mama yake hajui kukilipa, ila jiwe la nyuma ya bohari, ambalo tulikuwa tukilitumia kwa hisani yake tu, litakuwa la Bi Zaituni kuanikia mpaka atakapokufa. Watu wakasema amina. Bi Zaituni akasema hakufanya kwa ajili hiyo. Akaambiwa hilo linajulikana.

Mwaka wa uhuru ulipoanza Mzee Hemedi naye akafariki, na mali ikawa ya Nassoro, mwanawe wa pekee. Nataka kumtendea haki Nassoro, hasa leo. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa kijana mwembamba, msafi, karani katika ofisi ya wakili mmoja mjini, na alikuwa anajisomea sheria kwa vitabu alivyoletewa kwa posta kutoka Uingereza. Alimwamkia Bi Zaituni shikamoo kwa kuinama kabisa, si kwa kichwa tu. Lakini bohari ya ngozi ilikuwa haina biashara tena, na kulikuwa na mfanyabiashara wa nyavu aliyetaka kiwanja chote, jiwe lipasuliwe liwe msingi wa ghala. Nassoro alikuja kutuambia mwenyewe, hakutuma mtu. Bi Zaituni alimkumbusha ahadi ya baba yake. Nassoro akasema anaijua, alikuwepo, aliisikia. Ndipo akasema jambo ambalo kwa mwaka ule lilikuwa kama sala midomoni mwa vijana wote: kwamba nchi inakuwa yetu, na nchi iliyo yetu lazima iende kwa sheria, si kwa maneno ya barazani. "Kama sheria inasema jiwe ni lako, mama, nitamwambia mtu wa nyavu aende zake. Kama inasema si lako, nawe utakubali?" Bi Zaituni, ambaye alikuwa na mashahidi mtaa mzima, akamjibu, "Leta kitabu chako."

Walikutana nyumbani kwa marehemu Mzee Hemedi, chumba cha mbele, Jumapili baada ya chai. Chumba kile kilikuwa na saa ya ukutani iliyosimama na viti vya mbao vyenye vitambaa vyeupe vya kufuma. Tulikunywa chai ya tangawizi na maandazi. Alikuwepo shehe, walikuwepo majirani, na Mzee Masanja, seremala, Msukuma mwenzangu, ambaye hakualikwa lakini hakuna shauri lililoketi Mwanza bila yeye. Nassoro alifungua kitabu akaanza kueleza, na nakiri alieleza vizuri, maana mpaka leo nakumbuka. Alisema kwa Waingereza ahadi peke yake haina miguu. Mtu akiahidi kukupa kitu, huwezi kumdai mbele ya hakimu mpaka uoneshe kwamba wewe nawe ulitoa kitu kwa ajili ya ahadi hiyo, kitu alichokitaka. Nassoro alikiita badala. Ikiwepo badala, hayo ni mapatano. Isipokuwepo, ni zawadi iliyosemwa tu, na zawadi ambayo haijatolewa haidaiwi. Mzee Masanja akauliza, je, kama aliyeahidi ni mtu mwema? Nassoro akasema kitabu hakiulizi wema. Mzee Masanja akasema basi ni kitabu chenye shughuli chache.

"Lakini mimi nilitoa," Bi Zaituni akasema. "Masika nzima nilitoa."

Nassoro akageuza kurasa. Akasema ndiyo, na hapo ndipo kitabu kinapouliza swali. Je, kabla hajaanza kuuguza, baba aliahidi chochote? Au yeye aliomba chochote? Kwa sababu badala lazima ije kwa ajili ya ahadi. Wema uliokwisha kufanyika hauwezi kununua ahadi iliyokuja nyuma yake.

Hapa naomba mjukuu asimame kidogo. Alikulia wakati mwingine. Kwetu siku zile, mtu wa mjini mwenye heshima akiulizwa kama alimuuguza mgonjwa kwa malipo, jibu lilikuwa moja tu. Kumwosha mgonjwa, kumlaza maiti, kukaa na mzazi, hayo hayakuwa na bei, na aliyeyatajia bei alisemwa mpaka wajukuu wake. Ukishukuriwa unasema si kitu. Ukipewa unakataa mara ya kwanza na ya pili. Bi Zaituni alikuwa amejifunza hayo kabla ya kujifunza kutembea. Alijiweka sawa kwenye kiti, akafunga kanga, na akajibu kwa sauti ya mtu anayetetea jina lake:

"Nimuuguze bibi yako kwa malipo? Mimi? Sikuomba hata pini, Nassoro, na baba yako hakuthubutu kunivunjia heshima hivyo. Muulize yeyote."

Chumba kizima kilinguruma kwa kukubali. Shehe alisema Mungu amzidishie. Mwanamke mmoja alifuta machozi. Nassoro peke yake hakunguruma, na nilimwona uso wake. Haukuwa uso wa mtu aliyeshinda. Ulikuwa uso wa mtu aliyeona mwenzake anatembea kinyumenyume kuelekea kisima. Akasema kwa upole kwamba kwa jibu hilo jiwe limekwenda.

Kelele zilizofuata siwezi kuziandika. Nassoro akanyoosha mkono akasema pana shahidi aliyekuwa nyumbani siku ile baba alipokwenda Mabatini, na labda yeye alisikia jambo ambalo Bi Zaituni amelisahau. Akaniangalia. Sasa najiuliza kama alikuwa ananifungulia mlango. Wakati ule niliona ananitega. Watu wakaomba niachwe ninywe maji kwanza, na jikoni wanawake wawili walinishika mkono, mmoja huku, mmoja kule. Walisema neno moja tu linatosha. Nikisema Mzee Hemedi alisimama mlangoni akasema mwuguze mama nawe jiwe litakuwa lako, nani wa kunipinga? Aliyelisema yuko kaburini. Nilitaka kulisema. Lilikuwa limekaa ulimini tayari, na kama ningelisema nisingeona lilikuwa na uzito wowote. Nilirudi chumbani, nikasimama karibu na saa iliyosimama, na Bi Zaituni akanitazama. Hakuniomba chochote kwa macho yake. Nilisema nilichosikia: kwamba Mzee alisema mama amelala, wanawake wa kwake hawamwezi, nisaidie, na Bi Zaituni akafunga kanga akaenda. Basi.

Mzee Masanja ndiye aliyesema kwanza. Alisema tangu azaliwe hajaona kitabu chenye tumbo kubwa namna hiyo, kimemeza jiwe zima na bado kimelala mezani kama hakijala.

Njiani Bi Zaituni alitangulia mbele. Mimi nilihesabu moyoni watu watakaonilaumu, na nilimweka yeye wa kwanza. Alisonga ugali, tukala na mlenda, na alipomaliza kunawa akaniuliza, kama mtu anayeuliza bei ya chumvi, kitabu kile kinataka nini hasa. Nikamwambia nilivyoelewa: kinataka kitu kiende na kitu kije, na viwe vimetazamana. Akauliza kikubwa kiasi gani. Sikujua. Akasema, "Kesho kamuulize mwenye kitabu. Muulize kwa adabu, na usimwambie nimekutuma, ingawa atajua." Nilikwenda kweli, nikamkuta Nassoro kwenye baraza la ofisi akila karanga. Hakunificha. Alisema ukubwa hauna shida, sheria haipimi kama ulipunjwa au ulipunja. Hata punje ya pilipili manga inatosha, mradi mwenye kuahidi ameikubali kuwa ndiyo badala ya ahadi yake. Nilipomfikishia Bi Zaituni, alicheka mpaka akashika ukuta. Halafu akaketi. "Punje ya pilipili," alisema. "Na masika yangu nzima haikutosha." Kisha akasema mtu wa nyavu hawezi kupasua jiwe kabla ya mvua za vuli kwisha, kwa hiyo tuna muda, na kwamba sisi tutaendelea kuanika mpaka siku tutakayoambiwa tutoke. Tukaanika. Kila asubuhi alifagia jiwe kwa makini zaidi ya jana yake.

Nassoro alikuwa na mke, Rehema, mtu wa Ujiji, mpole mpaka huoni kama ameingia chumbani. Mimba yake ya kwanza ilikuwa imeharibika, na sasa alikuwa na nyingine inayokaribia. Mama yake alikuwa mbali na mgonjwa wa miguu. Mtaa mzima ulijua ni mikono ya nani inayotakiwa kumpokea mtoto yule na kukaa na mzazi arobaini yake, kumkanda kwa maji ya moto, kumpikia uji wa pilipili manga na kuzuia watu wenye mdomo. Nassoro alikuja mwezi wa kumi, jioni, mvua za vuli zimeanza kudondoka moja moja kwenye bati. Alisimama palepale aliposimama baba yake. Alivua kofia. Nilikuwa jikoni palepale, ingawa safari hii nilikuwa nachambua maharage, na nilisimama ili nisikie vizuri, kwa kuwa nilikuwa nimejifunza kwamba jikoni nako ni mahali pa ushahidi. Alisema, "Mama, Rehema yuko karibu. Sina mtu. Nisaidie."

Bi Zaituni hakufunga kanga. Alibaki mkekani.

"Utanipa nini?" akasema.

Nassoro alidhani ni utani. Akacheka kidogo. Bi Zaituni akarudia, polepole: "Kabla sijainuka hapa. Nimkande mkeo arobaini yake na nimpokee mtoto wako, na wewe utanipa nini?"

"Kwa hiyo mimi ni mteja, mama?"

"Kitabu ni chako, mwanangu."

Nilimwona Nassoro akikunja kofia mikononi. Aliumia, na sitaki kuandika kwamba alistahili kuumia, kwa sababu mtoto aliyelelewa kwa kuitwa mwanangu anapotajiwa bei mlangoni, linaingia ndani sana. Bi Zaituni naye alikuwa anaumia. Shingo yake ilikuwa imekakamaa kama ya mtu aliyebeba ndoo iliyojaa. Mvua ikaongezeka, ikawabidi wapaze sauti, na nadhani ndivyo majirani walivyosikia. Bi Zaituni aliomba jiwe, lote, bila kupasuliwa, la kuanikia mpaka kufa kwake, na baada yake liwe langu mimi kwa namna hiyohiyo. Nassoro aligeuka akaitazama mvua. Kisha karani aliyekuwa ndani yake akaamka. Alisema kwa upande wa Bi Zaituni badala ipo na anaikubali, mtu wa nyavu atatafuta kiwanja kingine. Lakini Kabula hatoi chochote, na mapatano ni ya anayetoa. "Kabula anatoa nini?"

Nilitoka jikoni na maharage kwenye sinia. Kitu cha kwanza kilichonijia nilikisema. "Sato mmoja. Kila masika ikiisha, wa kwanza kutoka jiweni, aliyepasuliwa na kukauka vizuri."

"Mmoja?"

"Mmoja. Mkubwa."

Akaitikia kwa kichwa, na hapo akatabasamu kwa mara ya kwanza. "Ni zaidi ya punje ya pilipili," alisema. Kesho yake alileta karatasi aliyoipiga chapa ofisini, Mzee Masanja akaweka alama yake kama shahidi, na kuuliza kama naye hapaswi kupata mkia wa samaki kwa kazi ya kuinua kalamu.

Mtaa haukumsamehe Bi Zaituni upesi. Kisimani aliulizwa shikamoo ya leo ni bei gani. Mwanamke mmoja aliyemkopesha ungo alimwambia aulete na badala yake. Walisema amegeuka Mzungu kabla Wazungu hawajaondoka. Shehe, aliyemwombea azidishiwe, alipita mara mbili bila kusimama. Aliyavumilia yote kwa mdomo uliofungwa, na mimi nilimtetea pale nilipoweza, vibaya, kwa sababu nilikuwa siwezi kujibu haraka. Siku moja tukigeuza samaki nilimuuliza, kama Nassoro angekataa, asingekwenda kwa Rehema? Alinitazama kana kwamba nimemtukana mama yake. "Ningekwenda," akasema. "Ningekwenda mbio. Lakini yeye hakujua, na kitabu hakiulizi yaliyo moyoni."

Mtoto alizaliwa Ijumaa, msichana, akaitwa Mwajuma, akalia kwa sauti ya kumshtua hata Rehema mwenyewe. Bi Zaituni alihamia kwao. Uhuru uliingia arobaini haijaisha. Siku ile mji wote ulikuwa barabarani, ngoma za Wasukuma upande huu, bendi upande ule, na mimi nilipeleka mboga kwa Nassoro nikakuta chumba cha uzazi madirisha yamefungwa, joto la maji ya majani, Bi Zaituni ameketi chini akimfunga Rehema tumbo kwa kanga na kuisikiliza bendi kupitia ukuta. Nassoro alikuwa ukumbini na suti. Alimwambia, mama, nenda ukaone, saa moja tu, nami nitakaa. Bi Zaituni akasema alipatana arobaini, hakupatana arobaini kasoro uhuru. Nassoro alitoka peke yake. Baada ya muda mfupi alirudi, amebeba mfuko wa kalimati na bendera ndogo ya karatasi, akaichomeka ukutani juu ya kitanda cha mtoto. Tulikula kalimati zile kwa zamu. Nikaona kwa macho yangu kwamba mapatano hayakuwa yamefukuza undugu nyumbani mle, ingawa siwezi kusema ndiyo yaliyoulinda. Labda vilikaa tu pamoja, kama wapangaji.

Bi Zaituni alianika juu ya jiwe lake mpaka alipokufa, na hakuna aliyemwambia ondoka. Karatasi ililiwa na mchwa zamani. Kilichobaki ni samaki. Kila Juni nilimpelekea Nassoro sato wake, naye alimpokea kwa mikono miwili kama risiti, hata alipokuwa mtu mkubwa mwenye mvi na miwani. Mwaka mmoja, tumekwisha kuzeeka wote wawili, alinikalisha akasema kuna jambo limemkera miaka mingi. Kitabu alichokisoma ujanani kilikuwa cha Waingereza wa kwao. Sheria ya mapatano iliyotumika Tanganyika ilikuwa imepitia India kwanza, na kule waliacha mlango kwa mtu aliyeahidi kulipa wema aliokwisha kutendewa. Aliligundua alipokuwa amekwisha kufanya mitihani yake. Huenda Bi Zaituni angeingia kwa mlango huo bila kutaja bei yoyote, alisema, au huenda isingekuwa hivyo, kwa kuwa wema alitendewa bibi, na kwa kuwa ni habari ya kiwanja. Alitaka nimwambie kama amekosa. Nilifikiri sana. Nilimwambia alisoma kitabu alichokuwa nacho, na kwamba ahadi ya baba yake ingekufa na Bi Zaituni, lakini ya kwake ilinifikia mimi. Sijui kama nilijibu swali lake. Aliangalia sato mikononi mwake akasema, "Mwaka huu mkubwa."

Leo mchana, baada ya maziko, nilikwenda na samaki wangu ndani ya gazeti. Wanawake walikuwa wamejaa mpaka uani. Rehema hatunaye tangu zamani, kwa hiyo niliyemtafuta ni Mwajuma, sasa mama mtu mzima, mnene, macho ya baba yake. Nilimpa pole, tukalia, kisha nikamweka samaki mapajani. Akaniuliza ni wa nini. Nikamwambia ni badala ya jiwe, ni desturi yangu na baba yake. Mwajuma alinishika mkono akasema mama Kabula, jiwe ni lako tu, nani asiyejua hivyo, usihangaike na samaki tena, wewe ni wa nyumbani. Alisema kwa moyo mweupe. Ni maneno mazuri kuliko yote niliyoambiwa mwaka huu, nami nilikuwa nimekwisha kuyasikia, maneno ya aina hiyo, kwenye hitima moja, watu wananawa mikono.

"Nashukuru, mwanangu," nikamwambia. "Lakini mpokee. Na useme mbele ya hawa kwamba umempokea, na ni kwa ajili ya nini."

Aliniangalia. Wanawake wa karibu waligeuka, mmoja akakohoa. Kisha Mwajuma, ambaye baba yake alikuwa karani kabla ya kuwa chochote kingine, akamshika samaki kwa mikono miwili, akasema kwa sauti amempokea, sato mmoja, kwa ajili ya jiwe, mwaka huu na kila mwaka nitakaoleta. Akamwita binti yake ampeleke jikoni.

Nilirudi na mjukuu kabla jua halijazama, tukipitia ziwani. Jiwe lilikuwa bado la moto. Nyumbani alitarajia sato, nami sikuwa na mwingine aliyekauka. Tulikula ugali na matembele, na chumvi kidogo.